Si kila mwenye koti jeupe ni daktari: Mjue anayekuhudumia



Kaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje katika hospitali yoyote ya wilaya, tangu saa 1 asubuhi hadi adhuhuri, utasikia neno "daktari" likiitwa mara nyingi kuliko idadi ya madaktari walioajiriwa hapo. Anayeandika majina dirishani ni daktari. Anayepima presha ni daktari. Kijana wa maabara anayetoka na karatasi za majibu ni daktari. Hata yule mhudumu anayesukuma kitanda cha magurudumu huamkiwa "shikamoo daktari", naye huitikia marahaba na kupita, maana hana muda wa kueleza.

Wapo watakaosema jina ni jina tu, kinachotakiwa ni dawa. Sivyo. Mtu asiyemjua anayemhudumia humuuliza asiyehusika, akapewa jibu la kubahatisha na kulishika kama hukumu. Humdharau aliyepo mbele yake anayeweza kumsaidia leo, akamngoja mkubwa asiyekuwepo. Na kwa baadhi ya maradhi, siku moja ya kungoja ndiyo inayoamua kama mgonjwa atarudi nyumbani na miguu yake au atabebwa.

Mimi ninayeandika safu hii ni tabibu. Kwa hiyo msomaji anivumilie nikikaa kidogo zaidi kwenye cheo changu.

TABIBU, DAKTARI NA BINGWA

Tanzania Bara, anayekusikiliza kwanza katika zahanati au kituo cha afya aghalabu ni tabibu au tabibu msaidizi. Tabibu msaidizi amesoma miaka 2 na kupata cheti, tabibu amesoma miaka 3 na kupata stashahada. Wenye ndugu Kenya watakuwa wamesikia huko akiitwa afisa wa kliniki. Kazi yake ni kuuliza, kumpima mgonjwa mwilini, kutambua na kutibu maradhi yanayowapata watu wengi, kama malaria, nimonia, kuharisha, presha na vidonda. Kazi yake nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi, ni kutambua mapema jambo linalomzidi na kulipeleka mbele.

Daktari amesoma chuo kikuu miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, ndipo akasajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kati ya tabibu na daktari yupo daktari msaidizi, ambaye alikuwa tabibu akarudi chuoni kwa miaka 2. Mafunzo ya ngazi hiyo yamesitishwa lakini wenyewe bado wapo kazini, na watoto wengi wa wilayani wamezaliwa kwa upasuaji uliofanywa na mikono yao. Utafiti wa hospitali za Mwanza na Kigoma uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha upasuaji wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi na ule wa madaktari kamili, wala haukuona tofauti ya maana katika hali za akina mama na watoto wao. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaotaka kuhamisha mgonjwa usiku wa manane kwa sababu tu wamesikia neno "msaidizi".

Daktari bingwa ni daktari aliyerudi tena chuoni kwa miaka 3 au zaidi kusomea eneo moja: watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake, upasuaji, magonjwa ya ndani, macho na kadhalika. Bingwa bobezi amekwenda mbali zaidi ndani ya eneo hilo hilo, kwa mfano bingwa wa magonjwa ya ndani aliyebobea kwenye figo au moyo. Elimu ya bingwa ina kina, lakini eneo lake ni dogo. Bingwa wa mifupa si mkubwa kuliko bingwa wa watoto, na ukimpelekea mtoto mwenye pumu atakuelekeza kwingine.

Tatizo letu ni kudhani kuwa aliye juu zaidi ndiye anayefaa kila wakati. Chukua mfano wa kawaida kabisa. Baba ana kikohozi, hii ni wiki ya tatu. Mtaani kwao ipo zahanati na ndani yake yupo tabibu. Baba hataki, anasema yule si daktari, yule ni mwandishi wa dawa. Anachangisha nauli aende mjini akaonane na bingwa wa kifua. Wiki zinapita, naye analala na kukohoa chumba kimoja na wajukuu. Ilhali mtu mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi anatakiwa kuchunguzwa kifua kikuu, kipimo cha makohozi na dawa zake hutolewa bure, na njia ya kuvifikia inaanzia kwa yule yule tabibu anayedharauliwa. Baba angekuwa ameshaanza dawa kabla nauli haijatimia.

Ngazi zenyewe zinajulikana: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali za kanda kama Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, kisha Muhimbili. Barua ya rufaa haina maana kwamba mhudumu amekuchoka. Humweleza anayekupokea umepimwa nini, umepewa dawa gani na saa ngapi. Ukienda bila hiyo, unaanza upya. Dharura ndiyo haingoji barua: damu inayotoka bila kukoma, mtu aliyepoteza fahamu, mtoto anayehangaika kupumua, hao hupokelewa palipo karibu.

Kuna neno jingine linalowachanganya watu wetu, nalo ni "mganga". Mitaani mganga ni mtu wa hirizi na ramli, jambo ambalo msikitini tunalikemea. Serikalini neno limebaki na maana yake ya zamani: Mganga Mfawidhi ndiye msimamizi wa kituo au hospitali, Mganga Mkuu wa Wilaya ndiye mkubwa wa afya wilayani. Nimepata kumsikia ami mmoja akikataa kabisa kupeleka malalamiko yake kwa Mganga Mfawidhi, akisema yeye hamshirikishi Mwenyezi Mungu. Ilichukua muda kumfahamisha. Ama neno "tabibu", hilo ni la Kiarabu, na katika vitabu vya wanazuoni wetu ndilo jina la kila mwenye kutibu, mkubwa kwa mdogo. Mwanafunzi wa madrasa hushangaa kidogo kuona Kiswahili cha ofisini kimemweka tabibu chini ya daktari, lakini huo ni mpango wa serikali, hatugombani nao.

Kwenye hospitali kubwa utamkuta pia daktari wa mafunzo kwa vitendo, na nyuma yake kundi la wanafunzi. Huyo wa mafunzo ameshamaliza chuo, anakutibu chini ya uangalizi wa wakubwa wake, na mara nyingi ndiye anayelijua faili lako kuliko wote kwa sababu ndiye analiandika. Wanafunzi ni jambo jingine. Unayo haki ya kuuliza, "Mwanangu, wewe ni daktari au unasoma?" na unayo haki ya kusema hapana kwa upole wakitaka kukupima kwa ajili ya kujifunza. Matibabu yako hayatakiwi kupungua kwa sababu hiyo.

ANAYEKESHA NI MUUGUZI

Daktari hupita wodini asubuhi, akakaa kwa mgonjwa dakika 5, akizidisha 10. Saa zinazobaki ni za muuguzi. Ndiye anayetoa dawa kwa saa zake, anayegeuza mgonjwa asipate vidonda vya kitandani, anayehesabu mkojo na kuona kuwa pumzi imebadilika. Wapo wauguzi wa cheti waliosoma miaka 2, wa stashahada miaka 3, na wa shahada miaka 4 pamoja na mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Wanaitwa nesi, wanaitwa sista, na mkubwa wao ni matroni au muuguzi mfawidhi.

Jamaa wa mgonjwa hukaa na jambo zito moyoni usiku kucha wakimngoja daktari wa asubuhi. Mkono wenye dripu umevimba, mgonjwa hajakojoa tangu alasiri, mtoto amekataa kunyonya. Hayo mwambie muuguzi saa hiyo hiyo. Ndiye mwenye njia ya kumwita daktari wa zamu, na yapo anayoweza kuyaondoa mwenyewe.

Heshima ya kazi hii si ngeni katika Uislamu. Wakati wa vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Bibi Rufaida al-Aslamiya (r.a.) alikuwa na hema katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) akiwahudumia majeruhi, na ndimo alimolazwa Saad bin Muadh (r.a.) baada ya kupigwa mshale. Leo tunamwita muuguzi kwa kumpigia vidole.

Muuguzi mwenye ujuzi wa ukunga anastahili maneno yake peke yake. Mama mjamzito aliyepita miezi mitano anaumwa kichwa kisichosikia dawa, macho yanaona kiwi, uso na mikono vimevimba. Halafu anaanguka, mwili mzima unatetemeka, anapoteza fahamu. Nyumbani kauli ya kwanza ni kuwa amepandwa na jini, na gari linalotafutwa ni la kumfuata msomaji. Ndugu zangu, kuwepo kwa majini sikukanushi, kumetajwa katika Qur'ani. Lakini hiki ninachokieleza kina jina, ni kifafa cha mimba, nacho huua mama na mtoto. Presha na mkojo hupimwa kwa dakika chache. Mkunga wa zahanati anaweza kuchoma dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege hilo, kisha mama akakimbizwa hospitali. Anayetaka kusoma rukya aisome ndani ya gari, gari likiwa linakwenda.

Sasa jambo linalonikera. Mwanamke aliyesoma udaktari miaka 5 anaingia wodini, ana kipimo shingoni, na wagonjwa wanamwita "nesi" tangu asubuhi hadi jioni. Pembeni yake amesimama muuguzi wa kiume, huyo ndiye anayeitwa "daktari" na kuulizwa maswali. Sisi ndio tunaosema tunataka wake zetu wahudumiwe na wanawake wenzao. Akishapatikana hatumtambui! Na binti mwenye alama nzuri za baiolojia na kemia akitaka kwenda kidato cha tano mchepuo wa sayansi, wapo wazee wanaotafuta mchumba. Hao madaktari wa kike watatoka kwa mabinti wa nani?

MAABARA, PICHA NA DIRISHA LA DAWA

Mtaalamu wa maabara anaandika alichokiona kwenye damu, mkojo au kinyesi chako. Ugonjwa ulio nao si yeye wa kuutamka, maana hajakuuliza unaumwa wapi wala hajakugusa tumbo. Mfano mzuri ni taifodi. Watu wanachukua karatasi ya kipimo kiitwacho Widal, wanaambiwa mlangoni "imeonekana", na kutoka hapo wanakwenda kununua dawa za wiki mbili. Kipimo hicho kinaweza kuonyesha chanya kwa mtu aliyeugua zamani, aliyechanjwa, au mwenye maambukizi mengine kabisa. Karatasi irudishwe kwa tabibu au daktari aliyekutuma, aisome pamoja na hali yako. Kadhalika kipimo cha malaria kikisema hakuna, usimbembeleze mtu akuandikie dawa ya mseto "kwa tahadhari". Uliza homa inatoka wapi.

Kwenye picha ni vivyo hivyo. Anayekupanga mbele ya mashine ni mteknolojia wa mionzi, na anayeisoma picha kwa undani ni daktari, hasa bingwa wa mionzi. Ukimuuliza mteknolojia "umeona nini" akakujibu kuwa utaambiwa na daktari, hakufichi, anashika mpaka wake. Jambo moja mwambie yeye kabla hajabonyeza kitufe: mama kama ana mimba, au anadhani huenda anayo.

Mfamasia amesoma dawa peke yake miaka 4 chuo kikuu, na chini yake yupo mteknolojia dawa aliyesoma miaka 3. Watu wanamwona kama muuza duka, wanachukua mfuko na kuondoka. Huyo ndiye wa kumuuliza dawa hii ni kabla au baada ya kula, kutwa mara 3 maana yake saa ngapi na saa ngapi, na kama inagombana na nyingine unayotumia. Mtajie na za asili, zikiwemo habbasoda na mafuta yake. Hakucheki. Zipo dawa za presha, za sukari na za kuzuia damu kuganda ambazo hazifai kuchanganywa ovyo.

Na yupo "dokta" wa mtaani. Ana duka, ana kabati la vioo, anachoma sindano nyuma ya pazia. Duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, limewekwa ili watu wapate dawa zilizoruhusiwa karibu nao, tena limefanya kazi njema. Kuchoma sindano si katika kazi zake. Wanazuoni wa fiqhi, wakitegemea hadithi iliyomo katika Sunan Abu Daud, wamemtwisha dhamana mtu anayejitia kutibu bila kujulikana kwa elimu hiyo, akidhuru analipa. Sheria za nchi nazo zinataka kila mmoja awe na usajili, daktari na tabibu kwa Baraza la Madaktari, muuguzi kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, mfamasia kwa Baraza la Famasi. Kumuuliza mtu kwa adabu amesajiliwa wapi si matusi. Anayekasirika sana kwa swali hilo, mtazame mara mbili.

UPASUAJI NA SAINI

Wengi wanamjua daktari atakayepasua, wachache wanamjua atakayewalaza. Mtaalamu wa usingizi, au kama wazee wanavyosema, mtu wa nusu kaputi, ndiye anayeshika pumzi na mapigo ya moyo wako muda wote usiojitambua. Anaweza kuwa daktari bingwa, na katika hospitali nyingi za wilaya ni muuguzi au tabibu aliyesomea kazi hiyo. Atakuja kukuuliza maswali. Usimfiche pumu, usimfiche meno ya bandia, usimfiche dawa ya kienyeji uliyokunywa jana.

Na usimfiche chakula. Kwa kawaida mgonjwa hukaa saa 6 bila chakula na saa 2 bila hata maji kabla ya dawa ya usingizi, na hospitali nyingi husema asile kitu tangu saa 6 usiku. Hutokea shangazi au bibi akamhurumia, akampa mgonjwa vijiko viwili vya uji kwa siri. Mgonjwa akishalazwa, uji ule unapanda kooni na kushukia mapafuni. Anaweza kufa kwa uji wa huruma, hata kama upasuaji wenyewe ulikuwa mdogo. Kama amekwisha kula, semeni. Ataahirishiwa au atachukuliwa tahadhari nyingine, basi.

Kabla ya hapo kuna fomu ya ridhaa. Anayepaswa kukueleza ni yule atakayefanya upasuaji au daktari mwenzake: unafanyiwa nini, kwa nini, hatari zake ni zipi, na ukikataa itakuwaje. Muuguzi anaweza kukuletea karatasi, lakini maelezo yadai kwa daktari.

Hapa nyumba nyingi za Kiislamu zinakwama. Mama yuko katika uchungu, mtoto amechoka tumboni, daktari anasema apasuliwe sasa. Mama mkwe anasema mpaka mume apatikane, mume yuko safarini, simu haipokelewi. Mwanamke mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea na mwenye akili zake anatia saini ya mwili wake mwenyewe. Hospitali haihitaji saini ya mume, na pale mgonjwa asipojitambua na maisha yako hatarini, madaktari wanaweza kuendelea kuokoa. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio matano ya sharia, na sijamjua mwanachuoni aliyefundisha kuwa mke mwema ni yule aliyekufa akingoja simu. Kushauriana na mume ni jambo jema, tena lina wakati wake: wakati wa kliniki ya wajawazito. Kaeni nyumbani mapema, mkubaliane kuwa likitokea la dharura mama ataamua, nani atabaki na watoto, nani atajitolea damu. Damu ya hospitali haiuzwi, hutoka kwa watu wanaojitolea.

SITARA YA MGONJWA

Swali ninaloulizwa sana na dada zetu ni hili: "Nikimkuta mwanamume, nifanyeje?" Jopo la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lililitazama suala hili katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993. Utaratibu walioupanga ni huu: atangulizwe tabibu mwanamke Muislamu, asipopatikana mwanamke asiye Muislamu aliye mwaminifu, kisha mwanamume Muislamu, kisha mwanamume asiye Muislamu. Afunue panapohitajika tu, na awepo mume, maharimu au mwanamke wa kuaminika ili isiwe faragha.

Kwa lugha ya hospitali, maana yake ni hii. Ukifika mapokezi sema mapema, "Naomba kama yupo daktari wa kike." Ukiambiwa hayupo, omba muuguzi wa kike asimame ndani wakati wa kupimwa. Hilo ni ombi la kawaida, na tabibu mwanamume mwenye akili hulifurahia, linamlinda na yeye. Usilolifanya ni kurudi nyumbani na uvimbe wa titi au damu isiyo ya kawaida kwa sababu zamu ya leo ni ya mwanamume. Uvimbe hautangoja zamu ibadilike.

SHEIKH NA TABIBU

Kila mwaka Ramadhani ikikaribia, mgonjwa wa sukari anakwenda kwa imamu kuuliza afunge au asifunge, na kwa tabibu anakwenda akiwa tayari amezidiwa. Hukumu ya mgonjwa kuruhusiwa kula inajulikana, sheikh ataieleza. Asichokijua sheikh ni hali ya figo zako, wala sukari yako inashuka kiasi gani ukikaa saa 13 bila kula. Nenda kliniki wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi, wakupime, wakueleze kama ni salama, wapange upya dawa au insulini kwa saa za futari na daku. Kisha chukua maneno hayo umpelekee sheikh wako. Wawili hawa kila mmoja anahitaji kauli ya mwenzake, na wewe ndiye mbebaji.

Na kwa kuwa nimetaja figo: kupima sukari kwa kutoboa kidole hakufunguzi kwa kauli ya wanazuoni wengi. Usiache kupima mchana kwa kuchelea funga. Sukari ikiwa chini ya 3.9, fungua papo hapo.

UKIKWAMA

Bado sijawataja wengi. Bwana afya wa mtaa, anayekagua vyoo na mabucha, anastahili makala yake. Nimtaje mmoja tu anayesahaulika, afisa ustawi wa jamii. Yupo katika hospitali za wilaya na kuendelea, mara nyingi katika chumba kidogo kisicho na foleni. Mgonjwa asiye na uwezo kabisa wa kulipa aelekezwe kwake kabla jamaa hawajauza mbuzi au kumtorosha mgonjwa wodini usiku. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka misamaha katika vituo vya umma kwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5 na wazee wasio na uwezo, na yeye ndiye anayejua utaratibu unavyotekelezwa hospitalini kwake.

Ukitendewa vibaya, usigombane na muuguzi wa dirishani, huenda si yeye aliyekosa. Andika jina lililo kwenye kitambulisho kifuani, tarehe na saa, kisha umwendee muuguzi mfawidhi wa wodi, na asiposikia, Mganga Mfawidhi. Ukiombwa chochote mfukoni ili uhudumiwe, namba ya TAKUKURU ni 113, na kupiga ni bure.

Juma lijalo, inshaallah, tutamtembelea huyo bwana afya, tuzungumze naye juu ya maji ya kutawadhia misikitini na mapipa yanayozaa mbu.

Wabillahi tawfiq.